Bahari isiyo na buluu

Nimeuchora Mlima Kilimanjaro mara nyingi kuliko watu wengi waliozaliwa Moshi, na sijawahi kuuona. Nauchorea Chikongola, Mtwara mjini, kwenye kibaraza cha nyumba ya kupanga, redio ya jirani ikitangaza bei ya korosho mnadani. Tembo watatu mbele, mbuyu kulia, theluji juu, jua la rangi ya chungwa likizama nyuma. Duka la zawadi linaloniagizia kazi lina saizi yake moja, ile inayoingia kwenye begi la mgeni bila kukunjwa. Sina ugomvi na tembo hao. Ndio wanaonilipia kodi. Shida ilianza pale mkono ulipojua kila kitu na jicho likabaki halina kazi. Nakaa, nachovya brashi, napaka, nasikiliza bei ya korosho, picha imekwisha.

Wachoraji wengi tunaijua hali hiyo, ila kuieleza ni vigumu kwa sababu kwa nje hakuna kilichoharibika. Picha zinauzwa. Ukimwambia mtu umeishiwa, anatupa jicho kibarazani, anaona kazi zimeanikwa zinakauka, anakuona mlalamishi. Wenzangu walinishauri yale yale ya siku zote: pumzika, safiri, angalia kazi za wenzako kwenye simu. Hilo la mwisho simshauri mtu aliyechoka. Usiku mmoja wa kupitisha picha za watu kwenye simu unatosha kukuaminisha kwamba kila kitu kimeshachorwa, tena na mtu anayekuzidi.

Mambo yalibadilika Newala, na mwanzo wake ni salfa.

Nilikuwa nimepanda kumsaidia bibi shambani. Mikorosho inapoanza kuchanua, Juni na Julai, hushambuliwa na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaofunika maua kama unga, na dawa yake ya miaka mingi ni unga wa salfa. Hupulizwa alfajiri, upepo haujaamka na umande bado umo kwenye maua, ili unga upate kushika. Mtu anatembea na mashine mgongoni, wingu la njano linapanda matawini, linatua taratibu, na shamba zima linabadilika rangi huku unaliangalia. Macho yanawasha mpaka mchana. Ile njano niliitamani, nikaiacha. Salfa inawasha ngozi na macho, halafu ni mali ya shamba. Bibi angenidai kila kijiko kwa hesabu ya korosho alizokosa.

Jua likishapanda, kazi ya salfa imekwisha, na mimi rangi zangu za akriliki zilikuwa Mtwara. Nilikuwa na daftari, penseli na siku nzima mbele yangu. Kilichokuwepo kwa wingi ni udongo. Ukitoka Mtwara kwa njia ya Nanyamba na Tandahimba, mchanga wa pwani uliopauka unakuacha njiani, na ukifika juu unakanyaga wekundu mtupu. Unashika kwenye nguo, kwenye kisigino, kwenye ukuta wa nyumba mpaka usawa wa goti mahali matone ya mvua yanaporukia. Nikauchota.

Udongo mbichi haufai kwa rangi, maana una mchanga ndani. Unautia kwenye ndoo ya maji, unakoroga, unahesabu mpaka kumi au ishirini. Mchanga unazama kwanza. Maji yenye tope jembamba unayamimina kwenye chombo cha pili na kuyaacha yatulie mpaka kesho yake. Juu yanakuwa meupe, chini kumelala tope laini kuliko unga wa sembe. Hiyo ndiyo rangi. Ukirudia mara kadhaa, kila mara unapata laini zaidi.

Hapo ndipo bibi alipoingilia.

"Mume wangu," aliniita, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, "mjini kote huko hukuona udongo?"

"Huu ni mzuri zaidi, bibi."

"Haya, mzuri. Na hayo maji unayoyamwaga unajua yametoka wapi?"

Anayeijua Newala anaelewa kwa nini swali hilo halikuwa la utani. Nyanda za Makonde zinapata mvua, lakini ardhi yake inayanywa maji yote, nayo huenda kutokea mabondeni, chini ya ukingo wa uwanda. Bibi ni wa kizazi kilichoshuka bondeni usiku na kupanda na mtungi kichwani. Bomba lilipokuja hakubadilika. Maji ya kunawia mikono yananawisha na sahani. Basi tukapatana. Ndoo moja, maji yale yale, yakishatulia yanarudishwa kuosha udongo unaofuata. Maji yenyewe yakawa mekundu kidogo, na kila rangi niliyoosha humo ikapata wekundu wa ile iliyotangulia. Mpaka leo rangi zangu zina undugu huo, na sitaki kuuondoa. Nilipojaribu baadaye kuosha kila udongo kwa maji mapya, picha ilikaa kama watu waliokutana stendi.

Gundi aliniambia bibi mwenyewe, bila kujua kwamba ananipa kitu. Kwenye mashina ya mikorosho ya zamani hutoka utomvu unaoganda vipande vipande, rangi ya asali. Alisema wakiwa watoto walikuwa wakiubandikia karatasi. Ukiuloweka usiku katika maji ya uvuguvugu unayeyuka. Unauchuja kwa kitambaa, takataka na vidudu vinabaki. Gundi hiyo haiko mbali na ile inayotumika duniani kote kwenye rangi za maji, ambayo nayo ni utomvu wa miti jamii ya mgunga. Ukichanganya na tope hilo la udongo, ukasaga kwa sehemu ya chini ya chupa juu ya kigae, unapata rangi inayoshika karatasi na haitoki kwa kidole. Gundi ikizidi, rangi inapasuka ikikauka. Ikipungua, inabaki vumbi. Kipimo chake sikuandikiwa popote, nilikipata kwa kuharibu maboksi ya sabuni, maana nilichorea migongo ya maboksi.

Njia nzuri kuliko zote ya kuijua rangi ilikuwa kwa mama mmoja mfinyanzi, jirani wa bibi. Anavijenga vyungu vyake kwa mkono bila gurudumu, na kabla havijakauka anavichora mistari na pembe kwa kijiti. Nilimuuliza ile michoro ina maana gani. Nilikuwa nimekaa na daftari tayari kuandika. Akaniangalia kwa huruma.

"Mwanangu, chungu kisicho na michoro atakinunua nani?"

Nikafunga daftari. Lakini mahali anapochomea vyungu niliona kitu: ardhi ya pale ilikuwa nyekundu kuliko ya pembeni, wekundu wa tofali. Moto ulikuwa umeipika. Nikakumbuka kwamba kwenye ukingo wa barabara iliyokatwa nilikuwa nimeona tabaka la udongo wa njano. Nikauchota, nikauweka kwenye kikaango cha bibi (kwa ruhusa yake, na baada ya kuapa kwamba nitakisugua), nikaukaanga. Njano ikaenda chungwa, chungwa ikaenda nyekundu. Ni ile chuma iliyomo ndani ya udongo: ikiwa imeshikana na maji hutoa njano, moto ukiyafukuza maji hubaki nyekundu. Katika kikaango kimoja, kwa kuchota kijiko kila baada ya muda, nilipata rangi tano zinazofuatana. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo niliposahau kula mchana.

Nikahesabu nilicho nacho. Nyekundu, njano, na za katikati. Nyeusi ya mkaa wa jikoni, nilioutwanga. Nyeupe ya chokaa iliyobaki baada ya kupaka nyumba. Kijani hafifu ukichanganya njano na mkaa, kijani cha majani yaliyochoka, ambacho kwa bahati ndicho kijani cha Kusini miezi ya kiangazi. Buluu hakuna.

Mtu wa pwani kukosa buluu ni jambo la kucheka. Ningeweza kuipata: buluu ya kufulia inauzwa kila duka kwa bei ya pipi, na ni rangi nzuri kweli, wapo wanaoichorea. Niliinunua pakiti. Iko kwenye droo. Sikuifungua kwa sababu ya kilichotokea Shimo la Mungu.

Shimo la Mungu ni ukingo wa uwanda pale Newala, ambapo ardhi inakatika ghafla na chini yake linafunguka bonde mpaka upande wa mto Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Nilikwenda jioni na boksi langu. Vilima vya mbali, kwa macho yoyote, ni vya buluu. Sina buluu. Nikachanganya mkaa kidogo na chokaa nyingi, nikapata kijivu, nikaviweka vilima vya mbali kwa kijivu hicho basi tu, nafasi isibaki tupu. Kisha nikapaka ukingo wa mbele kwa nyekundu yangu ya kukaanga, nzito.

Mtoto mmoja kati ya waliokuwa wamenizunguka akauliza, "Anko, buluu umeitoa wapi?"

Nikaangalia kibakuli. Kijivu. Nikaangalia picha. Buluu. Nilifunika ile nyekundu kwa kiganja, vilima vikarudi kuwa kijivu. Nikaondoa kiganja, vikawa vya buluu. Jicho haliipimi rangi peke yake, linaipima na jirani yake, na kijivu kikikaa karibu na nyekundu yenye joto kinasukumwa upande wa pili. Jambo hili limo katika vitabu vya sanaa, nilishalisoma zamani na kulijibia mtihani. Ila nilikuwa na kopo la buluu siku zote, kwa hiyo sikuwahi kulihitaji. Watoto walinifanya nifunike na kufunua mpaka giza likaingia.

Niliporudi Mtwara nilikuwa na haraka ya kwenda ufukweni, jambo ambalo kwa mkazi wa mjini linachekesha, maana ufukwe uko pale pale. Nikaenda Shangani maji yakiwa yametoka, siku za bamvua, mwezi mpevu. Miaka yote bahari nimeipaka kwa rangi ya kopo bila kuiangalia, na sasa kopo nimeliacha nyumbani, ikabidi niiangalie. Juu ya majani ya bahari ni kahawia. Juu ya mchanga ni nyeupe yenye njano kidogo. Kwenye vidimbwi vilivyoachwa na maji ni rangi ya wingu lililo juu yake. Kusi ikivuma mchana inakuwa kijivu chenye mapovu, na alfajiri haina rangi kabisa, ni mwanga tu. Akina mama wameinama na ndoo na vyuma vya kutafutia pweza kwenye matundu ya miamba, kanga zimefungwa juu ya magoti. Kanga nikazipaka nyekundu ya Newala. Bahari, kijivu cha mkaa. Ikatokea buluu, hapa zaidi, pale kidogo, kufuatana na mama yupi amesimama wapi. Kwa mara ya kwanza watu kwenye picha yangu walikuwa na kazi ndani ya picha; ukimwondoa mmoja, maji yake yanakufa.

Kuanzia hapo kazi ilinivuta yenyewe. Nilianza kutembea kwa ajili ya rangi. Mikindani, kwa mfano, nimepita maisha yangu yote kwenye daladala na kuona magofu. Nilipokwenda kutafuta chokaa niliona plasta iliyobambuka, chini yake tabaka la zamani zaidi, chini yake jiwe la matumbawe lenye alama za vijidudu vilivyolijenga. Chokaa ya pwani yetu ilitokana na jiwe hilo hilo: matumbawe yalichomwa juu ya tanuri la magogo, yakazimwa kwa maji, yakawa chokaa, nayo ikipakwa ukutani hunyonya hewa na kurudi kuwa jiwe. Ukuta na rangi yake ni kitu kimoja. (Sisemi tukachome matumbawe, ni marufuku na ni haki iwe marufuku, samaki watakaa wapi. Chokaa ya dukani inatosha.)

Chokaa ndiyo iliyonipeleka Kilwa Kisiwani. Unashuka Nangurukuru, unaingia Masoko, unapata kibali, unavuka kwa mashua. Magofu yale yako katika Urithi wa Dunia tangu 1981, na kila mtoto wa shule anajua Ibn Battuta alifika mwaka 1331. Mimi nilikwenda na swali la fundi rangi: hawa walikuwa na jiwe moja na chokaa moja, vyote vyeupe, walifanyaje? Jibu liko kwenye Msikiti Mkuu. Walichora kwa kivuli. Matao, nguzo, kuba, mashimo madogo ukutani, kila kimoja kinakata mwanga kwa namna yake, na jua likisogea jengo zima linabadilika. Husuni Kubwa, juu ya jabali, kuna birika la pembe nane. Nilikaa pale nikichora kivuli cha ukingo mmoja, nikakichora tena, mpaka mwenye mashua akaja kuniambia maji yanapungua na yeye hatanisubiri.

Si kila kitu kilifaulu, na sehemu hii naisema haraka. Manjano ya jikoni ukiipaka juu ya chokaa inageuka nyekundu papo hapo, kwa sababu ya ukali wa chokaa. Watoto wanapenda sana kuiona. Ikikaa juani inafifia hadi haionekani, hivyo haina faida kwa anayeuza. Chokaa juu ya kitambaa cha marekani ilipasuka, juu ya ubao ikashika. Mafuta ya ganda la korosho yanatoa weusi wa ajabu, lakini yanaunguza ngozi. Waulize wanaobangua korosho za kuchoma kwa nini wanajipaka majivu vidoleni. Niliyaacha.

Wakati wote huo nilikuwa namfikiria Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake ndilo linalouza tembo wangu. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, mtu wa Kusini kama sisi, akaenda Dar es Salaam kufanya vibarua, na alipoanza kuchora alichukua ubao wa dari na rangi ya kung'aa ya baiskeli. Vitu hivyo vilikuwa karibu, na bei aliiweza. Rangi ile haichanganyikani vizuri ikiwa mbichi, inataka eneo pana na mstari mkali, na ubao ule ni mraba. Ukiangalia mtindo wake, nusu yake ni tabia ya lile kopo. Alifariki mwaka 1972, baada ya kuchora miaka michache tu. Sisi tuliomfuata tulirithi twiga na chui wake. Mimi nadhani cha kurithi kilikuwa kule kunyoosha mkono kwenye kilichopo. Ndivyo ilivyokuwa kwa wachongaji wetu pia. Mpingo una kiini cheusi na ganda jeupe, umepinda unavyotaka wenyewe, na fundi mzuri wa Kimakonde haulazimishi kunyooka. Anafuata pale unapokwenda, na mara nyingine ule weupe anauacha uwe sehemu ya kinyago.

Duka la zawadi halijabadili oda. Nilipeleka picha mbili za bamvua, moja ikarudi na ujumbe kwamba wageni wanataka rangi za kuchangamka. Nyingine ilinunuliwa na mwalimu wa hapa hapa mjini kwa malipo ya awamu, na aliyeipenda ni mama yake, aliyesema maji yale ni ya Msimbati. Sikumbishia. Tembo bado nawachora, Jumatatu mpaka Jumatano, kwa rangi za dukani, na nakiri hata wao wamenufaika: jua lao sasa linaangukia mahali, na vivuli vyao vinaelekea upande mmoja.

Vijana wawili wanaokuja Jumamosi kujifunza huuliza kila mara kwa nini wasitumie buluu wakati ipo dukani. Nawaambia watumie. Mmoja ameitumia, vizuri tu. Mwingine amekwama kwenye kijivu, ananipigia simu usiku kuniuliza kama nyekundu ya Masasi ni tofauti na ya Newala. Ni tofauti; ya Masasi, chini ya ile milima ya mawe, ina punje zinazong'aa. Nimemwambia alete mfuko.

Kinachonishughulisha sasa ni masika. Hewa ikijaa maji, rangi za utomvu zinaota ukungu ndani ya makopo, na picha ambazo hazijafunikwa kwa kioo zinapata madoa. Tone la mafuta ya karafuu kwenye gundi linasaidia kwa muda. Nimeanza kujaribu kiini cha yai badala ya utomvu, njia waliyoitumia wachoraji wa Ulaya karne nyingi kabla ya rangi za mafuta. Mke wangu ameanza kuhesabu mayai. Ubao wa kwanza umekauka upesi mno, brashi haipati nafasi ya kurudi nyuma, na ukiugusa kwa ukucha unakwaruzika. Nitaongeza maji, nipake nyembamba, nione ukikaa mwezi mzima unakuwaje.